Namba naziandika vizuri, kuzitamka kwa Kiingereza ndiyo kasheshe. Tusaidiane

#1 Mkonge_Mkavu

Wakuu salaam. Naandika huu uzi nikiwa barazani kwetu Ngamiani, Barabara ya 12, na hasira bado haijaisha.

Jana nilikuwa na usaili kwenye kampuni moja ya ukandarasi, jina naliacha. Kazi ya karani wa stoo. Kujieleza nimepita, kompyuta nimepita. Mwisho yule mzungu akanipa karatasi, akasema nimsomee kwa sauti kama vile yeye yuko upande wa pili wa simu. Karatasi inahusu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, hapa kwetu Tanga. Habari ambayo kila mtoto wa Tanga anaijua: urefu kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 ziko kwetu Tanzania, bomba la inchi 24, na mafuta yenyewe yana nta, lazima yapashwe moto yasishuke chini ya nyuzi 50, la sivyo yanaganda humo humo.

Nikaanza. "One comma four four three kilometre." Akanitazama. Kwenye inchi 24 nikasema "twenty-four inches pipe". Kwenye 0.75 nikasema "zero point seventy-five". Kuna mahali pameandikwa 3/8", nikasema "three slash eight". Kwenye nyuzi 50 nikasema "fifty" kwa kujiamini kabisa, yeye akaandika 15 na kunigeuzia karatasi nione. Nikajua hapa sina changu.

Kinachoniuma, hizo namba zote nazijua. Hesabu kidato cha nne nilipata B. Lakini nimekaa nikagundua kitu: 50 ukiiona, kichwani inasema "hamsini", mkono unaandika 50, mwalimu anaweka vema. Miaka minne yote hakuna aliyenisikia nikiitamka. Namba tumezisoma kwa macho tu.

Wajuzi shukeni. Nataka nijue zinavyosomwa kwa mdomo, siyo zinavyokokotolewa.

#2 Kashata_na_Kahawa

Pole mkuu. Nimevuta kigoda, nasubiri wenye Kiingereza chao.

#3 Mwalimu_Shambani

Kijana wangu, pole. Nimefundisha hesabu miaka 31, msingi na sekondari, sasa nipo Muheza na machungwa yangu. Hilo siyo lako peke yako.

Mtoto wa darasa la saba anakwambia "tatu nukta moja nne", "robo tatu", "kipeuo cha pili cha tisa", na anajua anachosema. Mwaka unaofuata yuko kidato cha kwanza, kila kitu kimegeuka Kiingereza, na mwalimu anaandika ubaoni huku akinyooshea chaki: "this one, plus this one, you get this one". Nami nimefanya hivyo, sitajificha. Ishara za hesabu zinakuwa picha zisizo na sauti.

Twende kwenye makosa yako.

Ule mkato wa 1,443 hausomwi. Uko pale kwa ajili ya macho. Unasema "one thousand four hundred and forty-three kilometres". "Hundred" haichukui s hata zikiwa mia tisa, na "thousand" vilevile. S inakuja pale usipotaja idadi, kama sisi tunavyosema mamia ya watu: "hundreds of people". Na siku ukiletewa karatasi ya Mjerumani au Mfaransa uwe macho, maana kwao mkato ndiyo nukta ya desimali. Kilomita 1,443 kwao ni kutoka stendi hadi sokoni.

Baada ya "point", kila tarakimu inasimama peke yake. 0.75 ni "nought point seven five" kwa Mwingereza, "zero point seven five" kwa Mmarekani. Sababu ipo. Sema "point seventy-five" halafu mwenzako aseme "point eight", msikilizaji atadhani ya kwako ndiyo kubwa, maana 75 inaishinda 8. Nimewaona wanafunzi wengi wakianguka hapo. Pesa ndiyo inayokwepa: dola 3.75 ni "three dollars seventy-five", kwa kuwa zile ni senti sabini na tano kweli.

Bomba la inchi 24 ni "a twenty-four-inch pipe". Kipimo kikitangulia jina la kitu, s inadondoka. Kikija mwisho, s inarudi: "the pipe is twenty-four inches in diameter". Kamba ya mita tano ni "a five-metre rope", lakini "the rope is five metres long". Hapa ndipo wengi tunajulikana kuwa tumejifunzia ukubwani.

3/8 ni "three eighths", na ukiweka inchi ni "three eighths of an inch". Namba ya juu, yaani kiasi, unaisoma kama idadi. Ya chini, asili, unaisoma kama nafasi kwenye foleni: third, fifth, eighth. Mbili inaitwa "half" na nne "quarter", ingawa Mmarekani anaweza kusema "fourth". Zikiwa namba za kutisha au herufi, unasema "over" tu: "a over b". Ni ile "juu ya" yetu.

Fifteen na fifty nawaachia vijana, masikio yangu yamechoka.

#4 Mzalendo_Halisi

Yaani mtu ananyimwa kazi nchini kwake kwa sababu ya kutamka hamsini kizungu? Mafuta yanapita kwetu, bomba linaishia kwetu, lugha ndiyo iwe yao? Wangekubali aseme "hamsini". Hakuna anayeweza kuchanganya hamsini na kumi na tano.

#5 Kashata_na_Kahawa

#4 hapo kwenye hamsini na kumi na tano umefunga goli, lazima nikubali. Kiswahili namba zake hazifanani ovyo.

Ila mzalendo, hiyo sita, saba, tisa, ishirini mpaka tisini unazozitetea zilikuja na majahazi kutoka Uarabuni. Wazee wetu wa Pwani kabla ya tisa walikuwa na "kenda". Wewe unasema kenda?

#6 Mzalendo_Halisi

Nasema kenda kuanzia leo.

#7 Dada_wa_Sindano

Kaka Mkonge, pole sana. Mimi ni muuguzi, na hiyo ya 15 na 50 kwetu siyo kichekesho. Zamani, wodi ambayo sitaitaja, daktari mgeni alisema dozi kwa simu, "fifteen milligrams", aliyepokea akasikia fifty. Kilichookoa ni mazoea ya kurudia ulichosikia kabla hujavuta dawa: "fifteen, one five?" Yule daktari akaruka, "Yes, one five!" Tangu siku hiyo, kwangu kila namba yenye "teen" au "ty" inasemwa mara mbili, kwanza nzima, halafu tarakimu moja moja.

Jingine la kwetu: mg ni "milligrams", mcg ni "micrograms", na ya pili ni ndogo mara 1,000. Ukisoma herufi "em ji" haraka haraka umekaribisha msiba. Nusu milligram tunaiandika 0.5, hatuandiki .5, kwa sababu ile nukta ikififia kwenye karatasi inakuwa 5. Na kwa mdomo pia usiimeze ile "nought" ya mbele. Tano kamili nayo haiandikwi 5.0, mtu atasoma hamsini.

Presha ya 120/80, ambayo wagonjwa wetu wanaiita "mia na ishirini kwa themanini", kwa Kiingereza ni "one twenty over eighty". Ile "over" ya mwalimu imerudi.

#8 Nanga_Juu

Habari za humu. Mimi niko majini, redio ya VHF ndiyo ugali wangu. Dada #7 amesema kitu ambacho mabaharia walishakiwekea sheria. Kwenye misemo sanifu ya mawasiliano ya Shirika la Bahari Duniani, namba inasemwa tarakimu moja moja: 150 ni "one five zero". 2.5 unaruhusiwa kusema "two point five" au "two decimal five". Chaneli ya dharura, 16, ni "channel one six", na masafa yake, megahezi 156.8, ni "one five six decimal eight". Sijawahi kumsikia nahodha mwenye akili akisema "sixteen" kukiwa na upepo.

Marubani ndiyo wamezidi. Kwao 3 ni "tree", 5 ni "fife", 9 ni "niner" ili isisikike kama five. Wamekubaliana kutamka vibaya ili waelewane vizuri, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Marehemu babu alikuwa na jahazi la Tanga na Pemba, alipima kina kwa pima. Shibiri mbili dhiraa moja, dhiraa nne pima moja, yaani mikono yote miwili imenyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Waingereza wana "fathom", futi 6, kama mita 1.83. Na neno lao lilianzia hapo hapo, kwenye mikono iliyofunguliwa. Babu na nahodha wa Kiingereza wangeelewana bila mkalimani.

#9 Mtafsiri_Raskazone

Acha nijibu la fifteen na fifty, maana ndilo lililomnyima mtu kazi na hakuna aliyeeleza kwa nini linatutokea sisi.

Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. ki-TA-bu, ba-RA-za, ma-CHU-ngwa. Hatufikirii, inatoka yenyewe. Sasa ukichukua fifteen na fifty ukazitia kwenye mdomo huo, zote unazikaza mbele: FIF-tin, FIF-ti. Tofauti yote inabaki kwenye ile n ya mwisho, na n ya mwisho kwetu ni dhaifu kwa kuwa maneno yetu ya asili yanaishia na irabu. Yule mzungu alisikia kitu cha katikati, akabahatisha.

Mwingereza anakaza fif-TEEN na FIF-ty. Ya kwanza ii ndefu, kama ya "hachukii", na n unaibana mpaka isikike. Ya pili inakatika fupi.

Lakini msiutegemee mkazo peke yake. "Fifteen" ikitangulia jina, Mwingereza mwenyewe anahamisha mkazo mbele: "FIFteen bags". Hapo kinachobaki kukuokoa ni urefu wa ii na n. Wamarekani nao t ya "thirty" wanailegeza inakuwa karibu na d, "thadi", wakati "thirteen" t yake inabaki ngumu. Ukiisikia hiyo d ujue ni thelathini.

Bahati yetu watu wa Pwani ni th. Wenzetu wengine wanahangaika, "sri", "tatin". Sisi th tunayo tangu utotoni, ndiyo hiyo ya thelathini na themanini. Sema "thelathini", simamisha ulimi pale pale, halafu sema "three". Umemaliza. Kazi inabaki kwenye "twelfth" na "eighths", ambako konsonanti zimerundikana kama abiria wa daladala la jioni. Mkonge, wewe unakaa Barabara ya 12, kila ukitaja kwenu fanya zoezi: "Twelfth Street". F isikike, th isikike.

#10 Fundi_Randa

Sisi wa mbao tuko mbele yenu siku nyingi. Mbao ya mbili kwa nne ni "two by four". Ile alama ya kuzidisha kwenye vipimo inasomwa "by", haisomwi "times". Ukimwambia mteja "two times four" atajibu nane akaondoka.

Swali langu: eneo. Chumba cha mita 3 kwa 4. Ni "twelve metres square", "twelve metres squared" au "twelve square metres"? Mteja mmoja wa vigae alinigombeza hapa na sikuelewa hata kosa.

#11 Mwalimu_Shambani

Fundi, useme "three metres by four", na eneo ni "twelve square metres". Ukisema "twelve metres square" unamaanisha mraba wa mita 12 kila upande, na hiyo ni mita za mraba 144. Vigae vyako vingejaza ukumbi. "Twelve metres squared" watu wanaisema, lakini ina utata uleule, iepuke. Ujazo nao ni "cubic metres", ndoo ya lita 20 ni "nought point nought two cubic metres".

#12 Bongo_Houston

Kwa wa Marekani: hiyo "and" ya mwalimu huku wengi wanaitupa, "four hundred forty-three". Zote sawa, chagua moja ukae nayo. "Nought" usiitumie huku, watakuuliza "what?". Na Fundi, ukinunua "two by four" huku ukaipima kwa rula utakuta inchi 1½ kwa 3½. Jina ni la kabla ya kupigwa randa. Nilivyogundua nilitaka kurudisha mzigo.

Angalieni pia "billion". Uingereza ya zamani ilikuwa milioni ya milioni, sifuri 12. Mwaka 1974 serikali ya Harold Wilson ikaamua takwimu zake zifuate ya Wamarekani, sifuri 9, ndiyo hiyo bilioni yetu. Ukisoma kitabu cha zamani cha Kiingereza, hesabu sifuri kwanza.

#13 Mkwakwani_Jukwaa_Kuu

Mmeisahau sifuri ya mpira. Timu yetu Coastal Union wakishinda 2–0 ni "two nil". Siyo zero, siyo nought. Kwenye namba ya simu wanasema "oh". Kwenye tenisi ati "love"! Lugha gani ina sifuri zote hizi?

#14 Kashata_na_Kahawa

Yetu. Wewe juzi ulisema Coastal wamepigwa "mbili bila" au "mbili sifuri"?

#15 Mkwakwani_Jukwaa_Kuu

Mbili bila. Na usinikumbushe.

#16 Mama_Form_One

Shikamoo mwalimu. Shikamooni wakubwa wote. Binti yangu kaanza kidato cha kwanza mwaka huu, ana daftari limejaa x zenye vinamba juu. Akiniuliza namwambia nenda kapike. Naomba mnisomee: x², x³, x⁴, √9, ≤, ≠, ±, π. Na nukta mbili za kugawanya zenye mstari katikati.

#17 Mwalimu_Shambani

Marahaba mama. Na usimpeleke jikoni, mwambie akusomee yeye kwa sauti.

"x squared." "x cubed." Kuanzia nne na kuendelea ni "x to the power of four", au kwa kifupi "x to the fourth". Hizo mbili za mwanzo zina majina yao kwa sababu ni mraba na mchemraba, vitu vinavyochoreka. Cha nne hakichoreki, kinasomwa kwa namba yake tu. "The square root of nine." "Less than or equal to." "Not equal to." "Plus or minus." π inasomwa "pai", sawa na ile keki ya nyama. Alama ya kugawanya ni "divided by", na hapa awe makini: kumi gawanya kwa mbili ni "ten divided by two". Wengi wanasema "two divided by ten" wakimaanisha hiyo hiyo, jibu limepinduka.

Mwambie na hili, atalipenda: alama ya sawasawa, =, iliwekwa na Mwelishi mmoja, Robert Recorde, mwaka 1557. Alichoka kuandika "is equal to" kila mara, akachora mistari miwili sambamba, akasema hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Yaani ile alama ilizaliwa kutoka kwenye maneno ya mdomo. Akiisoma "equals", anairudisha ilikotoka.

#18 Muuza_Vipuri

Naongeza laki. Mteja mgeni aliniuliza bei ya injini ya boti, nikamwambia "twenty-five laki". Hakuelewa. Kiingereza cha Uingereza hakina laki, unalazimika kusema "two million five hundred thousand" au "two and a half million". Lakini Mhindi aliyekuwa dukani akacheka, akasema yeye kaelewa, kwao ni "lakh" na wanaandika 25,00,000, ukihesabu kutoka kulia, mkato wa kwanza baada ya tarakimu tatu, inayofuata mbili mbili. Laki tumeipata huko.

Ile "elfu mia mbili" yetu nayo siku hizi naiogopa hata kwa Kiswahili. Mtu anasema "elfu na mia mbili", ukipokea simu kwenye kelele za grainda unasikia laki mbili.

#19 Nanga_Juu

Jamani saa! Kabla uzi haujafungwa. Kijana wetu mmoja aliambiwa na wakala "two o'clock" akafika saa mbili asubuhi, akakaa gatini na njaa mpaka saa nane mchana. Ongeza sita au toa sita. Na Mwingereza akisema "half seven" anamaanisha saa moja na nusu, siyo saa kumi na mbili na nusu. "Quarter to" ndiyo kasorobo.

#20 Mkonge_Mkavu

Wakuu, nimerudi. Siku nne nilikuwa nasoma kwa sauti kila nikionacho. Nembo za magunia, namba za daladala, "twenty-five kilograms net", jirani anadhani nimerogwa. Ile lb kwenye chupa ya gesi nilikuwa nasoma "el bi", dada mtafsiri akanipa siri inbox kuwa ni "pounds", inatoka "libra" ya Kilatini.

Leo nimepigiwa simu na kampuni nyingine, mambo ya bandarini. Yule mama akasema usaili ni "Tuesday the thirteenth". Zamani ningesema "yes madam" nikakata. Nikamuuliza: "One three, or three zero?" Kimya kidogo. Akacheka, akasema, "One three. Ten a.m. And thank you for asking."

#21 Kashata_na_Kahawa

Hapo sasa! Ten a.m. ndiyo saa nne, usije ukatuaibisha.

#22 Mkonge_Mkavu

Mimi najua. Tatizo ni bi mkubwa, alikuwa anasikiliza simu kutoka jikoni. Amesikia "ten", ameshaniambia ataniamsha saa tisa na nusu alfajiri nisichelewe.